Baiskeli ya Kiirua Kwenye Mchanga wa Kiritiri

Jumanne. Jua la Kiritiri limenichoma shingo, goti limevimba, na sitaki kusikia jina la shemeji yangu Mutwiri.

Leo nitaliandika tu, nilitoe kifuani.

Mimi huchanja mifugo. Naishi mtaa wa Dallas, Embu mjini, lakini kazi yangu iko huku chini Mbeere, kwenye njia za mchanga ambazo hata pikipiki huanguka. Nilipotaka baiskeli ya milimani, mume wangu alisema tumwachie kaka yake atuchagulie, maana Mutwiri huendesha kila Jumapili kwao Kiirua. Dukani Meru nilishika ile yenye matairi mapana. Mutwiri akauondoa mkono wangu.

"Hiyo ni nzito, shem. Chukua hii. Inateleza kama maji."

Inateleza, ndiyo. Kiirua, kwenye barabara ngumu.

Leo asubuhi nilikuwa naenda kwa Mama Njeru, mjane mwenye mbuzi tisa. Homa ya mapafu imeshaua mbuzi kwa jirani yake. Nilipoteremka kwenye mto mkavu, tairi la mbele, jembamba na gumu kama fimbo, lilizama mchangani. Nikapaa juu ya usukani. Boksi la barafu likapasukia kwenye jiwe na chupa za chanjo zikavunjika zote.

Zote.

Nilifika nikisukuma baiskeli. Mama Njeru alikuwa amewafungia mbuzi wake tangu alfajiri. Alitazama mikono yangu mitupu, kisha akaniletea maji ninawe damu.

"Pole, daktari," alisema. "Huyu mweusi alianza kukohoa jana."



Nilimpigia Mutwiri simu nikiwa palepale. Akacheka. "Shem, baiskeli haina shida bana. Ni wewe hujui kuendesha."

Nilikata simu kabla sijamtukana.

Fundi wa baiskeli hapa Kiritiri alipunguza upepo wa tairi, kisha akapima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya tairi na foku, vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele. Akatikisa kichwa. Tairi pana haliwezi kuingia hapo hata kwa nguvu. "Aliyekuchagulia hii hajawahi kufika huku," akasema.

Leo namchukia Mutwiri, siwezi kudanganya. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba pale dukani nilijua. Mimi ndiye nimekanyaga mchanga huu miaka sita, si yeye. Nikanyamaza, eti nisimwaibishe shemeji mbele ya mwenye duka.

Nimemtumia ujumbe: Jumamosi narudi Meru kubadilisha hiyo baiskeli. Nitachagua mwenyewe. Usije.

Mume wangu ameonyeshwa ujumbe huo, akanipigia kusema nimekosa adabu. Sawa, nimekosa.

Kesho naenda kwa Mama Njeru kwa miguu, boksi jingine mgongoni, pamoja na dawa ya yule mweusi. Sijui nitakuta mbuzi wangapi wamesimama.