Mkono wa Kasika

Saint Paul, 14 Oktoba 2023

Yaya Goretti, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tunapumua tu, baridi imeshaanza kutukunja.

Yaya, nina hofu. Jumatatu Kasika alipimwa kliniki, kilo na urefu. Daktari akanionyesha mstari wa ukuaji wake kwenye kompyuta: ulikuwa unapanda, sasa unateremka. Akauliza mtoto anakula nini, nani anampikia nikiwa kazini, kama chakula kinatosha. Aliuliza kwa upole, lakini mimi nilisikia kitu kingine. Huku Marekani serikali inaweza kukunyang'anya mtoto. Wametupa randevu, siku nyingine ya kurudi, wanataka vipimo zaidi, na naogopa wataandika kwamba namshindisha njaa. Wewe umepima watoto wa kambi nzima ya wakimbizi. Niambie la kufanya.

Mdogo wako,
Donatille

Kigoma, kambini, 17 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata kwenye simu. Mgongo ni ule ule, umezeeka kabla yangu. Asante kwa kuuliza.

Acha kulia. Ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo niliokuwekea kwenye begi siku mnaondoka uko wapi? Mzungushie Kasika mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, usikaze, usilegeze. Ukisoma nyekundu, tunamlaza. Njano, anafuatiliwa. Kijani, mama anarudi nyumbani na mtoto wake na hakuna wa kumsumbua. Hiyo mistari yao wamewachorea watoto wanaooga maziwa. Mpime unijibu. Na umpikie bugali na sombe ya majani ya muhogo, usimlishe vibanzi kila siku kama mtoto wa balozi.

Yaya wako,
Goretti

Saint Paul, 24 Oktoba 2023

Yaya wangu mpenzi,

Umeamkaje? Mimi nimeamka vizuri kuliko siku zote.

Kijani! Nimempima mara mbili, tena nikamwita jirani yangu Uwimana ashuhudie. Naye alipita kambini, anaujua utepe. Tulipiga vigelegele mpaka Kasika akatuuliza, kwa Kiingereza chake, kama tumerukwa na akili. Sombe amekula vijiko viwili akasema ameshiba. Ndio watoto wa huku. Randevu sikwenda. Wakipiga simu naiacha ilie. Utepe nimeurudisha ndani ya Biblia.

Mdogo wako anayekushukuru,
Donatille

Minneapolis, hospitalini, 18 Machi 2024

Yaya,

Nisamehe, leo sina nguvu ya kukuuliza hali.

Kasika amelazwa. Alianguka shuleni. Ana uvimbe tumboni, umeshafika kwenye ini. Daktari anasema ndio uliokuwa unammaliza kilo tangu mwaka jana, na mwezi wa kumi wangeukuta bado mdogo.

Niliwatolea utepe. Nilitaka wajue sikumwacha mwanangu na njaa. Alice, mtaalamu wa lishe wa hapa, aliupokea kwa mikono miwili, hakunicheka. Akauliza Kasika ana miaka mingapi. Nikasema saba. Akaniambia rangi hizi ni za watoto wasiofika mitano. Wa miaka saba akisoma kijani kwa mkono mwembamba namna ile, amekonda vibaya sana.

Yaya, wewe ulifundishwa. Ulijua?

Mdogo wako,
Donatille

Kigoma, kambini, 21 Machi 2024

Donatille, mdogo wangu,

Nilijua. Ndilo jambo la kwanza wanalotufundisha, kuuliza umri kabla hujagusa mkono. Kila asubuhi nawauliza akina mama wa hapa. Wewe sikukuuliza. Ulipomtaja Kasika nilimwona yule wa miaka minne niliyempandisha kwenye basi na kandambili zake za pinki. Miaka yote hii hakukua kichwani mwangu. Na wewe ungeniambiaje umri wa mtoto niliyempokea mwenyewe alipozaliwa?

Nimerudisha utepe wangu ofisini. Siwezi kushika tena mkono wa mtoto wa mtu. Anakula? Hata uji? Naumia, Dona. Niandikie hata neno moja.

Yaya wako,
Goretti

Kigoma, kambini, 30 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Unaendeleaje? Mtoto anaendeleaje? Uwimana naye hapokei simu. Nitukane basi, lakini jibu.

Yaya wako,
Goretti

Saint Paul, 26 Mei 2024

Goretti,

Natumaini mgongo umepata nafuu.

Tulimzika Kasika jana. Kanisa lilijaa. Uliniuliza kama alikuwa anakula: hakula. Siku moja aliomba sombe, nikakimbia nyumbani kupika, nikarudi na treni, sufuria mapajani. Aliinusa akageuza uso.

Sikutukani. Najua hukufanya kusudi, na mimi ndiye niliyeacha simu zikalia. Lakini kila nikiwaza sauti yako nasikia kijani, kijani, na siwezi kuivumilia.

Mtu wa majeneza alinipigia kuuliza urefu wa mtoto. Sikuujua. Mama mzima, sikuujua! Kliniki waliujua, mimi nilijua mkono tu, na niliufurahia. Ilibidi Uwimana aende kumpima kwa kamba, kutoka utosini mpaka kisigino.

Mita moja na sentimita kumi na sita. Nakuandikia ili kichwani mwako naye awe amekua. Baada ya hapo usiniandikie.

Donatille