Bunduki Yako Haikumkaa Furaha

Baba Furaha,

Bunduki yako imeuzwa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari yote mpaka ulifikie, kama ulivyokuwa ukizisoma barua za uhamiaji nilizokuwa nikikutafsiria: kwanza neno la mwisho, halafu sababu. Neno la mwisho ndilo hilo. Sababu ni ndefu kidogo, nami sijawahi kufupisha sababu.

Ni miezi saba sasa tangu utuache. Chumba chako cha kushonea pale Berea kimechukuliwa na mama mmoja wa Kitanzania, msusi, na ukuta ulipotundika mikasi yako sasa una kioo. Mama Furaha ni mzima. Amerudi kwenye kwaya, ingawa husimama safu ya nyuma. Mimi bado naenda uwanja wa bunduki Jumamosi, bado napiga kama nilivyokuwa nikipiga, yaani nusu napata na nusu naeleza kwa nini sikupata.

Pale hospitali uliniambia mambo mawili, nikayakubali yote mawili. Furaha apewe bunduki, na mtu yeyote asiiguse mbao yake. "Mwalimu, mbao ile musikate," ulisema. "Ile njo kitu ya kwanza nilinunua mu hii inchi bila kuihitaji." Nilikuelewa. Nilikuona miaka yote ile ukikipaka kitako chake mafuta ya kitani kwa kipande cha bitana, mpaka mti wa jozi ukapata rangi ya chai ya rangi. Nikaahidi. Sikuuliza swali ambalo mtu aliyefundisha fizikia miaka thelathini alipaswa kuliuliza kwanza: wewe ulikuwa na mikono mirefu kama nguzo za goli, na Furaha je?

Hapa leseni hufa pamoja na mwenye nayo, hilo ulilijua. Wiki ileile bunduki ilitoka kwenye kabati la chuma nyumbani ikaenda kukaa kwenye stoo ya Oom Gert, fundi wa bunduki pale uwanjani. Mama Furaha alitaka ipelekwe polisi, isagwe, chuma kitoke kwenye familia. Sikumlaumu, yeye aliijua bunduki ya aina nyingine, ya vita, kabla ya hii. Furaha akasema hapana. Akafanya mafunzo, akafaulu mtihani, akapata cheti chake, kisha akaja kwangu akaniambia nimpeleke uwanjani. Nikaanza kumweleza jinsi anayeanza anavyochagua bunduki ya marisau. Akanikatiza kwa upole. Hakuwa anachagua, alisema, alikwisha kuchaguliwa.

Basi Jumamosi moja tuliteremka kusini, tukapita uwanja wa farasi wa Turffontein, yeye akiendesha. Alikuwa amevaa kizibao chako cha kupigia, kile chenye ngozi begani. Alikuwa amekipunguza kwapani na kukikata upindo kwa mkono wake mwenyewe, mishono safi. Nikamsifu. Sikuona lolote la kujifunza hapo, na nikikumbuka sasa naona aibu kidogo.

Alirushiwa hewani sahani za udongo ishirini na tano, akazipiga. Hakuvunja hata moja.

Kosa la kwanza nililitafuta kwenye mdomo wangu. Nilikuwa nikimwambia "lenga," kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili tulilofundishwa. Lakini kulenga ni kazi ya bunduki ya risasi moja na kitu kilichosimama. Unafunga jicho, unatazama ncha ya mtutu, unatulia. Sahani ya udongo haitulii. Ukiutazama mtutu, mkono unasimama, na mkono ukisimama sahani imekwisha kupita. Wewe hukutumia neno hilo kabisa. Sahani uliiita njiwa, na ulikuwa ukimwambia "mtangulie," yaani mtutu upite mbele ya sahani, na mkono uendelee hata baada ya mlio.

Nami nilijua anavyolisikia neno hilo, kutokana na siku ya mazishi yako. Mchungaji aliposema ndugu yetu ametutangulia, Furaha aliniinamia sikioni akauliza, "Ametangulia njiwa gani, Papa Mwalimu?" Hakuwa anatania. Mtoto aliyezaliwa hapa, anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza, neno hilo alilipata kwako uwanjani, alipokuwa akikutazama ukipiga, na hakuwahi kulisikia kwingine. Kwake lilikuwa neno la bunduki. Nilimweleza maana nyingine tulipokuwa njiani kwenda makaburini. Tulipofika langoni akasema kwa Kiingereza, "Kwa hiyo yuko pale njiwa anapokwenda."

Basi siku ile uwanjani nikaacha kusema lenga, nikasema mtangulie. Akatangulia vizuri sana, kwa mkono laini kama wako. Sahani ishirini na tano nyingine zikaangukia majanini zikiwa nzima.

Kesho yake kanisani Mama Furaha alimwona mwanawe shavu limevimba, rangi ya zambarau, na alipofunua kola akaona bega nalo. Akamvuta nje, nami nikafuata kwa sababu nilijua kesi ni yangu.

"Ni nani alimupiga mutoto yangu?" akaniuliza mimi, si yeye.

"Ni Papa," Furaha akasema, akimaanisha wewe.

Wakatazamana. Halafu wakaanza kucheka, wote wawili, wakishikana mikono, na kicheko kikageuka kile kilio unachokijua. Nilisimama pembeni nikishika vitabu vyao vya nyimbo.

Ngoja nikueleze alama ile ilitoka wapi, maana ni jambo la ufundi na wewe ungelitaka. Kitako kirefu mno hakiingii begani. Kinakwama kwapani au kinakaa kwenye mkono, na kikirudi nyuma kinapiga mahali pasipo nyama. Mwenye bunduki ndefu hunyoosha shingo ili kuifikia mbao, na shavu halitulii juu yake, linaelea. Basi mbao inapokuja, inalikuta. Watu wengi hupima urefu kwa kuweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kama kidole kinafika kwenye kifyatulio. Kipimo hicho kinapima mkono tu. Shingo, shavu na kifua vimesahaulika. Kipimo cha kweli ni kufumba macho, kuileta bunduki begani jinsi mwili unavyotaka, kisha kufumbua. Ukijikuta unatazama moja kwa moja juu ya mtutu, ni yako. Ukijikuta unatazama ubavu wa chuma au mgongo wa mbao, ni ya mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata Furaha alifumba, akaleta, akafumbua. Akasema anaona mbao tu.

Halafu nikampima macho, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nilimwambia anyooshe mikono yote miwili, aache kitundu kidogo kati ya vidole gumba, akitazame kibao cha mbali kupitia pale kwa macho yote mawili. Kisha afumbe moja moja. Alipofumba la kulia, kibao kilibaki. Alipofumba la kushoto, kikatoweka. Jicho lake linalotawala ni la kushoto, Baba Furaha. Anaandika kwa mkono wa kulia, anakata kitambaa kwa mkono wa kulia, lakini jicho lake kuu ni la kushoto, na bunduki yako ilichongwa ikapindishwa kidogo kulifuata jicho la kulia la mwanamume mrefu. Sahani zote zile alizipiga sawasawa mahali ambapo hazikuwapo.

Oom Gert, kwa Kiingereza chake cha Kiafrikana, alisema kitako kinaweza kukatwa sentimita nne, na akipewa muda anaweza kukipasha moto na mafuta akipinde upande wa pili. Nikasema mbao haiguswi. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ni neno la marehemu. Akavua kofia, akairudisha kichwani, akasema basi.

Hapa ndipo nilipokosea kwa makusudi, wiki tatu nzima. Kwa kuwa sikutaka kuigusa bunduki, nikaanza kumgusa mtoto. Nilimwambia asogeze mguu. Nilimwambia ainamishe kichwa. Nikambandikia utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani ili jicho lile kuu linyamaze, jambo ambalo watu hufanya kweli na si vibaya. Nikampa pedi nene ya bega. Wiki ya tatu alivunja sahani tatu. Nilifurahi, nikaanza kumweleza kwamba maendeleo huja polepole. Akaivunja bunduki katikati, kama inavyofunguliwa, akatoa maganda, akaiweka mezani. Akasema sentensi nzima ya Kiswahili, yeye ambaye hunijibu nusu nusu:

"Papa Mwalimu, unanishona mimi ili koti likae."

Hilo lilikuwa pacha wa neno lako kwa wateja, ulilowaambia kila siku: koti ya kuazima inachekaka mwenye kuivaa. Sijui kama yeye alikumbuka kuwa ni neno lako au lilimtoka tu. Nilikitazama kizibao kile alichokipunguza, mishono ileile niliyoisifu. Kitambaa chako alikikata bila kuomba ruhusa ya mtu, na hakuna kati yetu aliyeona dhambi. Kwenye mbao tu ndipo tulipoogopa.

Nilikaa na hilo siku chache. Ahadi zile mbili, ukiziweka pamoja, hazitimiziki. Akipewa bunduki isiyokatwa, haimfai. Ikikatwa imfae, si ile uliyoikataza isiguswe. Nilipaswa kuvunja moja. Nilimweleza Furaha hivyo, na nikamwambia kuamua ni kwake na kwa mama yake, kwa kuwa jina lako liko kwao na si kwangu. Mama Furaha akasema mwanawe asikate kitu ambacho baba yake alikibembeleza. Furaha akasema hivyohivyo. Basi ikabaki kuuzwa nzima, na yeye aanze upya kama mtu yeyote anayeanza.

Tukachagua. Kila mtu uwanjani alimshauri achukue ndogo nyepesi yenye mtutu mwembamba, ya kipimo cha ishirini, kwa kuwa ni msichana. Nami nilikuwa nimeanza kusema hivyo, nikajishika: bunduki nyepesi humrukia mpigaji zaidi, uzito ndio unaokula teke. Alipiga nayo sahani nne akairudisha mwenyewe. Akajaribu ile inayojipakia yenyewe, laini begani, lakini hutupa maganda upande wa kulia, na kwa anayepiga kwa bega la kushoto, kama yeye sasa kulifuata jicho lake, yanapita mbele ya uso. Tena mitutu miwili ya juu na chini ina jambo moja ninalolipenda: ikivunjwa, kila mtu anaona kwamba ni tupu, hakuna haja ya kuamini maneno ya mtu.

Mwisho Oom Gert alitoa moja ya kumi na mbili, yenye mtutu mpana zaidi, iliyokwisha kutumika, kitako kifupi kilichonyooka kisichopendelea jicho lolote. Mbao yake ni mbaya, Baba Furaha. Ungeicheka. Ina rangi ya mwiko. Furaha aliileta kwenye bega la kushoto akiwa amefumba macho, akafumbua, akakaa hivyo muda mrefu. Sahani ya nne ilivunjika ikawa moshi mweusi. Hakupiga kelele. Alivunja bunduki, akageuka kunitazama, akaweka risasi nyingine. Siku hiyo alipata saba. Ombi lake la leseni liko polisi. Mpaka lijibiwe, mwiko wake unakaa kwa Oom Gert, na Furaha anapiga nao mbele ya macho ya fundi huyo tu.

Yako ilikwenda kwa mwanamume mmoja mrefu kutoka upande wa mashariki wa jiji. Simjui jina. Oom Gert anasema aliiweka begani mara moja tu, kisha akaacha kuzungumza.

Siku ya kutia sahihi karatasi za mauzo, Furaha alibaki ndani ya gari. Nilidhani analia, nikakawia makusudi. Nilipotoka nilimkuta anakula mkate na soseji ya pale uwanjani, na amenibakizia nusu kwenye karatasi.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Sharp, sawa," akasema, akawasha gari. Kwenye robot ya njia panda ya kwanza, taa ikawa kijani, hakuondoka. Magari ya nyuma yakapiga honi, moja, halafu mengi. Alipokuwa tayari, akaondoka.

Baadaye aliniuliza kama ungekasirika. Nikamwambia hapana. Sijui kama nilisema kweli. Wewe ni mtu uliyewahi kuninunia wiki nzima kwa sababu ya kifungo. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Siombi msamaha, kwa kuwa ningefanya hivyohivyo tena, ila wiki tatu mapema. Nimeona tu usilisikie kwa mtu mwingine.

Pumzika, ndugu yangu. Ahadi zako mbili zilinishinda, kwa hiyo sasa nakupa moja ndogo, ya kwangu mwenyewe. Jumamosi nikisimama nyuma ya Furaha, na miguu yake ikiwa imekaa vingine kabisa, na mkono wake ukianza safari mahali ambapo wa kwako haukuanzia kamwe, sitamwambia wewe ulikuwa ukifanyaje. Akiniuliza, nitamweleza. Asipouliza, nitatazama sahani.

Mwalimu