Kofia Yenye Alama za Penseli

Kikambala, 9 Juni 2024

Dada Shekha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta hapo Malindi umeamka, umeoga na umekula. Siku hizi afya yako naiuliza kwa mafungu hayo matatu. Mimi mzima, ila jiko la hoteli limenichoma kidole. Kwa kuwa wasema sauti ya simu yakuchosha, nitaandika, na Kahaso atakuwa posta wetu. Kila wiki mama huyu atuletea mboga hapa hotelini kutoka soko la Malindi.

Mwezi wa tatu nilikuacha umegeukia ukuta. Majirani walisema ni uvivu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikwambia ujikaze. Sasa nasikia umekwenda hospitali mwenyewe, kwa miguu yako. Dada, umenishinda ushujaa.

Posa yangu imejibiwa. Nikaha na Shahida ni Ijumaa, tarehe 20 Septemba. Natamani kofia ya vito, ile ya matundu ya uzi, kutoka mkononi mwako. Usipoweza, nitaoa kichwa wazi na watu waseme watakavyo.

Nduguyo mdogo,
Swafwan

Malindi, 23 Juni 2024

Mdogo wangu Swafwan,

Marahaba. Nimeamka, nimeoga, nimekula mahamri mawili kwa mbaazi, tena nilisikia ladha ya nazi. Miezi mitano nilikuwa kama mtu atafunaye pamba. Kidole chako kipake asali.

Daktari ameuita ugonjwa huu sonona, akanipa kidonge kimoja kila asubuhi. Wiki mbili za mwanzo roho ilichafuka, mdomo ukakauka, nusura nivitupe chooni. Wiki ya nne niliamka nikafungua dirisha kabla sijajiuliza kwa nini. Hiyo ndiyo faida yake. Furaha hakiniletei, ila nimepata pa kusimama.

Hasara nayo ipo. Kwenye hitima ya somo yangu wanawake wote walilia, mimi nikakaa mkavu, nikaona haya. Na mikono yatetemeka. Wewe huenda usione, lakini sindano yaona.

Kofia nitakushonea. Nimeshaichora kwa penseli, yamebaki matundu kuyazungushia uzi. Na usinitafutie msaidizi. Bibi yetu alisema kofia ya bwana harusi huanzwa na kumalizwa na mkono mmoja, ili nyumba isije ikawa na wasemaji wawili.

Dadako,
Shekha

Kikambala, 7 Julai 2024

Dada Shekha,

Shikamoo tena, na salamu za Shahida, anayeuliza mahamri yalibaki mangapi.

Nakujua mimi. Marehemu baba ulimfumulia kofia upande mzima kwa sababu ya tundu moja lililopinda, Idi ikamkuta na kofia ya dukani. Yangu ikipinda, iache ipinde. Na habari ya mikono mwambie daktari, usiniambie mimi. Mimi najua kukaanga tu.

Hujui navyojivuna nawe. Hapa jikoni kuna kaka mmoja aliyeacha kuzungumza na watu tangu mkewe afariki. Nilimweleza habari yako bila kukutaja jina, akaniuliza hospitali unayokwenda iko wapi.

Nduguyo,
Swafwan

Malindi, 28 Julai 2024

Swafwan,

Marahaba. Mimi mzima sana! Mikono imetulia, matundu yatoka mviringo kama zamani. Jana nimelia kwa habari ndogo tu ya redio, nikafurahi kuona machozi yangu. Kizunguzungu kipo kidogo, ni jua hili. Kwa daktari sikwenda, sioni haja.

Mbele yote ya kofia imekwisha. Usiniulize maswali, kaanga samaki wako.

Dadako,
Shekha

Kikambala, 18 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Kahaso amerudi na barua yangu ya juzi mkononi. Asema alibisha hodi mpaka jirani akatoka, na wewe ukajibu kwa ndani kwamba umelala. Ilikuwa saa sita mchana.

Namrudisha na hii, aisukume chini ya mlango. Nimeomba ruhusa kazini. Naja.

Swafwan

Kikambala, 1 Septemba 2024

Dada Shekha,

Shikamoo. Nimerudi kazini jana, na Kahaso amenipa neno lake kwamba atalala kwako mpaka utakapomwambia basi.

Sikukulaumu uso kwa uso, wala hapa sikulaumu. Lakini lazima niseme. Nilikukuta umegeukia ukuta ule ule. Vidonge vilikuwa kikapuni chini ya nyuzi, pakiti haijaguswa tangu mwezi wa saba. Uliviacha ili mikono itulie, ili mimi nipendeze kichwani. Njia nzima mpaka hospitali nililia, na wewe umeniegemea.

Daktari hakukugombeza, uliona. Alisema vidonge hivi mtu haviachi ghafla, wala kwa shauri lake peke yake. Kile kizunguzungu, na ile mishtuko kama ya umeme kichwani uliyomweleza, vilitokana na hilo. Vikikutesa, sema, vibadilishwe. Na amevibadilisha.

Kofia nimeichukua kama ilivyo. Ulinitolea macho, nikafurahi, maana kwa siku mbili hukuwa umenitazama.

Nduguyo,
Swafwan

Kikambala, 22 Septemba 2024

Dada Shekha,

Shikamoo, na wifi yako pia akupa shikamoo. Nimeoa.

Shahida aniambia uliketi na wanawake saa nzima. Saa nzima, dada! Wiki tatu nyuma kuketi kitandani kulikushinda. Biriani lilisifiwa, mashairi yakasomwa, lakini mimi habari niliyoifurahia ni hiyo.

Ya msikitini hukuyaona, nikusimulie. Mbele kofia ilikuwa kazi yako isiyo na mfano, nyuma penseli tupu. Ami Saad aliyeketi nyuma yangu alinigusa kisogo akauliza, "Mwanangu, kofia hii haijesha?"

Nikamwambia, "Mshonaji ni mgonjwa, ami. Lakini yuashona."

Akaisogelea kofia, akaitazama ile penseli. Kisha akanong'ona, "Basi usiifue. Penseli itafutika."

Sikuifua. Naituma kwa Kahaso. Malizia ukitaka, mwaka wowote. Sina nikaha nyingine, wifi yako anasoma begani kwangu.

Nduguyo,
Swafwan

Malindi, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba zote nilizokuwa sijakujibu, zipokee pamoja. Mpe Shahida zake.

Nimeamka, nimeoga, nimekula. Vidonge hivi vipya vyanitia usingizi mchana, na dera langu limeanza kunibana. Kutetemeka kumepungua, hakujakwisha. Daktari asema huenda nikavitumia mwaka au zaidi, tutatazama pamoja. Zamani nilivificha chini ya nyuzi. Sasa vyakaa mezani kando ya birika la chai, na mgeni aulizaye namjibu.

Kahaso amenipa kofia. Niliitazama wiki tatu bila kuigusa. Nilikuwa nikiogopa ile sehemu ya penseli.

Leo nimeshona matundu manne. La nne limepinda. Sikulifumua.

Dadako,
Shekha