Bega la Mama

Kaka Leoncio,

Lozi mwaka huu ni chache, na korongo wamejenga tena viota juu ya mnara wa kanisa.

Sikukuu ya Mtakatifu Roko tulikusubiri barabarani, kwa kuwa uliahidi kuja, hadi jua likawa kali. Sanamu ya mtakatifu hubebwa mabegani na watu wanne, nasi tulikuwa watatu, mimi nikiwemo. Mzee Fermín akasema, "Basi tumpakie kwenye trekta."

Mama akavua shali. "Mume wangu alimbeba, na baba yake pia. Trekta ni ya viazi."

Akaingiza bega mahali pako. Tulipofika kwenye chemchemi, akaanguka.

Tangu hapo hajainuka kitandani. Wageni wakija anawaambia hukuja kwa kuwa ulikuwa mgonjwa, nami naitikia. Nimechoka. Njoo useme uongo wako mwenyewe.

Dada yako,
Eutropia