Mama wa Mpiganaji wa Sehemu ya Saba

Mwanangu Wafula ameingia kwa televisheni. Si sura yake, ni sauti yake, na CD yenyewe watu wa Kitale wanaazimana kama sufuria za matanga.

Sasa ndiyo nisalimie. Hujambo, shajara yangu. Leo ni Jumanne, tarehe mbili Septemba 2008. Mvua ilishuka saa nane, ikaosha vumbi lote la soko, na wateja wangu wakatawanyika na chapati mkononi. Nimefunga hoteli mapema nikaja hapa cyber, kwa kompyuta za kulipia, kwa huu ukurasa wa siri ambao binti yangu alinifungulia kabla arudi chuo. Moyo wangu hauko sawa. Nusu unacheka, nusu unawasha kama mtu aliyeshika upupu.

Hicho kitu kinachowasha nitakitaja mara moja nisijidanganye.

Ni wivu.

Wafula ndiye kifungua mimba wangu. Kazi yake ni kutafsiri filamu za wazungu kwenye ukumbi wa video kule Bungoma. Watu humwita DJ lakini hachezi muziki. Anakaa na maikrofoni, picha zinaenda, na yeye anasema kila kitu kwa Kiswahili chetu. Mfalme akitoa amri, ni Wafula. Mke wa mfalme akilia, ni Wafula. Farasi akikohoa, bado ni Wafula. Siku hizi anarekodi, na CD zake zinafika Naitiri mpaka Kapsokwony juu mlimani. Mimi niliishia darasa la saba, lakini huyo mtoto alitoka kwa hili tumbo, na huo mdomo aliutoa hapa hapa. Nimesema hivyo kwa hoteli yangu tangu aanze kazi na hakuna aliyenipinga. Anayekula maharagwe yangu ya madondo atanipinga vipi.

Sasa ametafsiri tamthilia ya wapiganaji wa Warumi wa zamani. Ni watumwa wanaochinjana uwanjani huku matajiri wanakula zabibu. Wiki jana alinipigia simu akaniambia, "Mama, tafuta sehemu ya saba. Kuna mama mmoja hapo. Ukimsikia tu utamjua."

Si nilijua ni mimi. Ningefikiria nani mwingine?

Basi nikatangaza. Nikatangaza kwa chama cha akina mama kanisani, nikatangaza kwa muuza makaa, nikamtangazia hata mwalimu ambaye huja kunywa chai bila sukari. Juzi Jumapili, baada ya ibada, nikaondoa meza mbili kwa hoteli, nikaweka televisheni juu ya friji, nikachemsha chai ya maziwa matupu. Akina mama walijaa mpaka mlangoni.

Wacha kwanza niseme hiyo sehemu ya saba ikoje, kwa sababu niliitazama vizuri na nina maoni.

Damu ni nyingi mno. Mkono wa mtu ulikatwa ukaruka ukaangukia sahani ya mgeni, na mgeni mwenyewe akaendelea kucheka. Jirani yangu Mama Shiro, ambaye watu wake walitoka huko Nyeri wakanunua shamba huku, alijifunika uso na leso akawa anauliza, "Amekufa? Nifunue?" Wanaume wenyewe hawavai kitu, ni kitambaa cha kufunga kiuno tu. Mama mchungaji aliangalia ukutani muda mrefu, lakini nilimwona akirudisha macho.

Mahali nimewapa alama nzuri ni chakula. Wale wapiganaji wanakula uji wa shayiri na maharagwe, hakuna nyama. Nikawaambia watu, mnaona, nguvu ni maharagwe, na mkisikia ni mimi nasema mnafikiria nauza tu.

Wafula amewabatiza wote upya. Mpiganaji mkuu anaitwa Wanjala, kwa sababu alizaliwa wakati wa njaa. Mwenye kumiliki watumwa anaitwa Tumbo Mbele. Sasa Wanjala aliuzwa akiwa mdogo, hajamwona mamake miaka mingi. Mamake naye ni mtumwa, anapika kwa nyumba ya huyo huyo Tumbo Mbele, na hiyo siku ameletwa uwanjani kubebea wageni maji. Anainua macho hivi, anaona ni mtoto wake ndiye yuko katikati ya uwanja, anapigana na jitu lenye wavu na uma mrefu wa meno matatu.

Hapo akina mama wote wakasogea mbele. Hata vikombe havikugongana.

Jitu likamrushia wavu. Wanjala akaanguka magoti. Yule mama akaacha mtungi ukavunjika, akasimama, akafungua mdomo. Nikamfinya Mama Shiro paja, nikamwambia, "Funua uso. Huyu sasa ni mimi."

Na Wafula akasema, kwa sauti ya mwanamke, sauti nzito ya kukwaruza:

"Wewe, simama. Macho mbele. Ukitikisa ukope nitakukana hapa hapa mbele ya watu. Nitavua viatu vyangu niende nyumbani miguu mitupu, kila mtu njiani ajue nimefiwa."

Wanjala akasimama na wavu wake mabegani. Akina mama wakapiga kigelegele. Mimi pia nilianza kupiga, kikakwama katikati.

Hayo si maneno yangu. Mimi sijawahi kumwambia mtoto nitamkana.

Aliyeyajua ni Mama Nasimiyu, ambaye tuliolewa naye kijiji kimoja kule Bungoma kabla ya sisi wote kuhamia huku. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Ai, si hiyo ni Senge Nekesa. Hata sauti ni yake. Hayo ndiyo maneno alimwambia Wafula siku ya kutahiriwa, mwaka wa tisini na nane. Mimi nilikuwa nyuma yake, nilimwona akiinama kushika kiatu."

Senge Nekesa ni wifi yangu, dada ya mume wangu. Senge ndivyo watoto wetu wanaita shangazi. Wafula alikaa kwake Bungoma miaka minne akisoma sekondari, na mpaka leo anaishi karibu na yeye.

Mama Shiro hajui mila zetu, na hakuwa na ubaya. Aliniuliza tu, "Na wewe hiyo siku ulimwambia nini?"

Watu wote wakaniangalia.

"Nilikuwa ndani," nikasema.

Kwetu Wabukusu ndivyo ilivyo. Kijana anatoka mtoni alfajiri akiwa amepakwa tope mwili mzima, anakuja kusimama uwanjani kwa baba yake, na watu wamejaa kumwangalia kama ana woga. Mama mzazi hatoki. Anakaa chini ndani ya nyumba, anangoja mpaka asikie filimbi ya kwamba imekwisha. Shangazi anasimama nje. Anaona kila kitu. Anapiga kelele zake, anatisha, anasifu, na kesho yake ana hadithi ya kusimulia.

Miaka kumi nimeisikia hiyo hadithi. Vile mtoto wangu alisimama hata nzi akatua kwa pua na hakupepesa. Nimeisimulia na mimi kwa hoteli kama mtu aliyekuwepo, na mikono naonyesha. Lakini hayo maneno ya viatu sikuwahi kuambiwa. Nimeyasikia kwa mara ya kwanza juzi, pamoja na watu wa kununua chai.

Nilizima televisheni nikasema stima ni kidogo, umeme umeshuka. Walijua nadanganya.

Jana asubuhi nilimpigia Wafula. Sikumwamkia vizuri.

"Huyo mama kwa sehemu ya saba ni senge yako."

"Eeh. Si nilikuambia utamjua." Alikuwa anafurahi, maskini. "Hata nilipeleka kwake kwanza asikie. Alicheka akatoa machozi."

Kwanza. Alipeleka kwake kwanza.

"Na mimi sina maneno?" nikamwuliza.

"Mama, si ukasirike bana. Wewe una maneno mengi. Lakini ni ya kula na ya kulala. Funga sweta, maliza uji, umefika salama? Hapo ni vita. Nilitafuta kwa kichwa mtu wa kuniambia nisimame, nikasikia Senge. Wewe sikukusikia hiyo siku. Ulikuwa unasema nini kule ndani?"

Nikamwambia nilikuwa naomba. Nikamwambia pia kuna wateja, nikakata.

Hakukuwa na wateja.

Shajara, wewe huna mdomo, kwa hivyo nitakuambia. Sikuwa naomba. Nilikuwa nimekaa chini kwa udongo, miguu nimenyoosha, leso nimeiuma na meno. Na nilikuwa nasema ndani ya hiyo leso, kimbia. Kimbia Wafula, ukitaka kukimbia. Pitia nyuma kwa migomba, mlango wa jikoni nimeuacha wazi, njoo kwangu tutahama hii Bungoma na hakuna mtu atatujua. Alikuwa na miaka kumi na minne. Usiku wote wa kucheza njuga kabla ya tohara nilikuwa nimemwona akijikaza, na miguu yake ilikuwa bado miembamba kama ya dada yake.

Mlango wa jikoni niliufungua kweli. Nikaegemeza mwiko usijifunge.

Hilo jambo nimelificha miaka kumi. Kwetu kijana akikimbia, aibu si yake peke yake, inakalia boma lote mpaka wajukuu. Mama anayetamani mtoto akimbie ni mama wa aina gani? Halafu filimbi ikalia, nikatoka nikiruka na kuimba kuliko wote, nikajisifu mpaka sauti ikaisha. Nimejisifu mpaka leo. Wenye kunisikia wanafikiria ni kiburi. Kiburi kipo, sikatai, lakini chini yake kuna mlango wa jikoni.

Kwa hivyo wivu wangu kwa Senge Nekesa hauko vile watu wanafikiria. Sio kwamba aliona. Ni kwamba aliamini. Alisimama mbele ya mtoto akajua atasimama, mimi niliyemzaa nikajua atakimbia. Na sasa mtoto, akitafuta kwa kichwa chake mtu wa kumwinua, anampata yule aliyeamini. Amekosea wapi?

Leo asubuhi kabla ya kuwasha jiko niliweka CD tena, peke yangu. Nikarudisha hapo kwa mama mara tano. Nikaona kitu ambacho sikukiona siku ya watu. Mdomo wa yule mwanamke mzungu unafunguka mara moja tu. Mara moja na kufunga. Wafula amemwekea maneno marefu, lakini mwenyewe alisema kitu kifupi sana, na macho yake si ya kukana mtu. Labda aliita jina. Labda alisema kimbia.

Sitajua, sauti yake mwanangu ameifunika na ya Senge.

Basi saa nne nilijikaza nikampigia wifi yangu. Nilitaka tu kumwambia nimeona CD, nimefurahi. Akaanza, kama kawaida yake:

"Mama Wafula, umesikia mtoto wangu? Si nilikuambia huyo ulinizalia tu."

Siku nyingine ningemjibu, na tungepandishiana sauti mpaka pesa ya simu iishe. Jana hata nilikuwa na jibu tayari, linahusu mguu wake na kiatu. Lakini nikamwuliza, "Senge, ulijuaje atasimama?"

Sauti yake ikashuka. Senge Nekesa hashushi sauti, hata kanisani.

"Nani alijua?" akasema. "Mimi niliona magoti yake yanacheza. Nikaogopa, nikapiga kelele ya kwanza iliyokuja. Kama angekimbia ningefungua njia, ai. Nilikuwa nimesimama upande wa jikoni kwako, makusudi."

Upande wa jikoni.

Sikumwambia juu ya mwiko. Nilimwambia tu aje Kitale, aje na Wafula, alale kwangu, na asibebe chakula kama mtu anayeenda kwa watu wasiojua kupika. Akasema atabeba tu kuku. Tukagombana kidogo juu ya kuku, nikasikia afadhali.

Wivu umeisha? Hapana, siwezi kukudanganya. Bado ni yeye yuko kwa CD na mimi siko, na akija hapa ataketi mbele ya televisheni kama bibi harusi, na akina mama watamwomba aseme tena yale maneno ya viatu, na atasema. Nitakuwa nageuza chapati huku nauma meno. Lakini akimaliza na mimi nitapanguza mikono. Nitamwambia Wafula mbele yake na mbele ya Mama Nasimiyu na Mama Shiro yale niliyokuwa nasema ndani ya leso. Anataka maneno yangu ya vita, basi ndiyo hayo. Akitaka ayaweke kwa sehemu ya nane, asipotaka aache. Atanicheka au atanyamaza, sijui, na hilo ndilo linanitisha kuliko jitu la wavu.

Nimeshawaambia wote waliokuja juzi na wale waliokosa nafasi waje. Kwangu hotelini, nyuma ya soko, mara tu ibada ikiisha: Jumapili, tarehe kumi na nne.