Mkono Ndani ya Ndoo

Jumatatu, 11 Februari
Imekubali! Nimegandamiza kiganja kwenye donge la unga wa ngano na chumvi, nikamimina plasta ya majimaji, ikakauka, ukatoka mkono mweupe, hadi mistari ya kiganja! Graeme, bosi wetu hapa makumbusho, bado anataka ukumbi wa watoto uwekwe skrini za michezo badala ya kazi yangu hii ya plasta. Eti watoto wa Gisborne hawana subira. Ijumaa atakuja kuangalia majaribio, kisha aamue. Na aje. Nimeshashinda.

Jumatano, 13 Februari
Aibu gani hii! Mama Mereana, mwalimu wa chekechea, kaleta watoto wake. Kaona donge tu, kawaambia wote mikono nyuma. Kisha kanigeukia: huo si unga wa mkate? Tangu lini tunachezea chakula, dada?
Graeme angesamehewa, si mtu wa kwetu. Lakini mimi, Mmaori mzima, mwenyeji wa asili wa New Zealand hii, niliyezabwa kibao na mama kwa kuchezea viazi! Nilifikiria urahisi tu. Nimeomba radhi mbele ya watoto. Watarudi Ijumaa. Nitapata kitu kingine, sina wasiwasi.

Alhamisi, 14 Februari
Nimepata! Ule unga wa madaktari wa meno wa kuchukulia umbo la meno. Si chakula, ingawa unanukia mnanaa. Unakorogwa na maji ndooni, unatumbukiza mkono mzima, unasubiri ugande, unatoa mkono, unamimina plasta kwenye tundu lililobaki. Ila ukitikisika tu — umeharibu. Na hawa wana miaka minne. Wataweza. Nadhani.

Ijumaa, 15 Februari
Naandika nimesimama, pembeni ya ndoo.
Tumanako, mtundu kuliko wote, kaweza! Mama Mereana aliwaimbia taratibu, mtoto katulia tuli. Plasta yake inakauka.
Graeme, kutoka mlangoni: ameweza kwa sababu ya kubembelezwa.
Tumanako: wewe ndiye huwezi, mjomba, mguu wako unachezacheza tu!
Watoto kicheko. Graeme kapandisha mkono wa shati, katumbukiza mkono wa kulia. Watoto wote: usitikisike, mjomba!
Sasa simu inaita mfukoni mwake. Upande uleule wa kulia. Najua ni nani — muuza skrini, alitaka jibu asubuhi hii. Graeme ananitazama. Anawatazama watoto, macho yao yote mfukoni mwake. Tumanako kaweka kidole mdomoni: shii!
Imekatika. Inaita tena. Mkono wa Graeme bado umo ndani, hautikisiki, na Mama Mereana ameanza kumwimbia —