Mibuni ya Kasangati

Bukoto, 3 Machi 2023

Mwanangu Yasiin,

Salaam nyingi. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua. Wewe na wenzako wa jeshini huko Mogadishu mko salama?

Huku mvua imeanza vizuri. Mboga zangu za nakati napeleka sokoni Wandegeya, nyanya zimezaa, na mibuni aliyopanda marehemu baba yako imechanua, shamba lote la Kasangati linanukia. Ila baba yako mdogo Kamis alikuja na watu kulipima. Anasema shamba la kaka yake ni lake, mjane hana haki. Nilimfukuza. Akasema, "Tutaonana, shemeji."

Mama yako,
Zubaida

Mogadishu, 20 Machi

Mama,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, alhamdulillahi. Umechua mgongo?

Baba mdogo namjua, mkono wake hutangulia mdomo. Usiende shambani peke yako. Mwambie mwenyekiti wa kijiji. Likizo yangu ni Juni. Ningoje, nitamalizana naye mwenyewe.

Mwanao,
Yasiin

Jela, 11 Mei

Mwanangu,

Salaam zangu zikukute mzima. Mimi napumua. Usishtushwe na mahali ninapoandikia.

Sikukusikia. Nyanya zilikuwa zimeiva, nikaona zitaoza. Nilipofika, Kamis na watu wake walikuwa wanafyeka mibuni kwa mapanga, migomba imeshalala chini. Nilipowazuia akanijia, akanikata bega. Nilikuwa na jembe. Nilimpiga kichwani, akaangukia nyanya. Ningeishia hapo angekuwa hai. Nilimpiga tena. Polisi nimewaambia hivyo hivyo.

Mama yako,
Zubaida

Kasangati, 19 Juni

Mama,

Umeamkaje? Kidonda kinakauka?

Nimefika. Niliambiwa watu wa Kamis wamehamia shambani, nikaenda na panga. Waliokuwa naye siku ile wametoroka. Nilimkuta mjane wake, Acen, akipalilia nyanya, mtoto mchanga mgongoni. Mwenye nyumba amemtoa, hana pa kwenda. Aliliona panga, hakukimbia. Alisema, "Kama umekuja kumalizia, ngoja nimshushe mtoto kwanza."

Mama, vitani sijawahi kuweka silaha chini. Pale nililitupa panga, nikakaa chini. Alininawisha uso kwa maji ya kumwagilia. Sasa analala kwenye kibanda cha shambani, mimi nalala Bukoto. Nimfanyeje?

Mwanao,
Yasiin

Jela, 2 Julai

Mwanangu,

Namshukuru Mungu umefika salama. Kidonda cha begani kimefunga, ila mkono haupandi juu.

Mibuni iliyofyekwa usiing'oe. Kila kisiki kitachipua. Acha machipukizi matatu yenye nguvu, mengine yaondoe. Mfundishe na Acen. Upande wa bondeni apande mboga zake, avune mwenyewe, asiombe ruhusa kwa mtu. Siku ya kesi akitaka kuja kusema lililo moyoni mwake, usimzuie.

Yule mtoto anaitwa nani? Kamis sikuwahi kumuuliza.

Mama yako,
Zubaida